Kifaa hakilali, au kimelala hakiamki: kusaka tatizo la kuamsha kwenye draiva ya Linux

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kile kisanduku chako kimezima tena, na maji yamemwagika mpaka uani."

Simu hiyo niliipokea alfajiri nikiwa Tabata. Kisanduku chenyewe kipo Kigamboni, chini ya mnara wa tangi la maji la mama huyo. Ndani yake kuna bodi ndogo inayoendesha Linux, betri ya volti 12 inayochajiwa na sola, na waya unaopanda hadi kwenye swichi ya boya juu ya tangi. Kazi yake ni kulala fofofo muda wote, na boya likipanda iamke, izime pampu, itume SMS, kisha irudi kulala. Kwenye meza yangu ilifanya hivyo wiki nzima bila kukosea. Kigamboni betri ilikuwa inakata roho kabla ya jua kuchomoza.

Nilivuka pantoni mara mbili nikibadilisha vitu kwa kubahatisha: kwanza waya, kisha boya lenyewe nililonunua upya Kariakoo. Nilipoteza siku mbili na hela ya mteja, wakati kerneli, yaani kiini cha Linux, ilikuwa na jibu tangu usiku wa kwanza, ila sikuwa nimeliuliza. Kwa hiyo nimepanga haya kwa kufuata dalili, kwa ajili ya anayeandika draiva (programu inayoiwezesha Linux kuongea na kifaa) na kukwama kwenye mambo ya kulala na kuamka. Mifano ni ya Linux kwa sababu ndiko ninakofanya kazi kila siku.

Milango mitatu

Ili kifaa kiamshe mashine iliyolala, hodi yake inapita milango mitatu, na mmoja ukifungwa hakuna kinachosikika.

Mlango wa kwanza ni uwezo: draiva imetangaza kwamba kifaa hiki kinaweza kuamsha. Wa pili ni ruhusa: mwenye mashine ameafiki kiamshe. Wa tatu ni kutega: wakati wa kulala, draiva imeiambia kerneli kwamba intarapti ya kifaa hiki (ishara ya kubisha hodi kwa prosesa) ibaki macho wakati nyingine zote zinanyamazishwa.

`device_init_wakeup(dev, true)` ndani ya probe (kazi ya draiva, yaani function, inayoitwa kifaa kinapopatikana) inafungua miwili ya kwanza kwa pamoja. Wa tatu unafunguliwa na `enable_irq_wake()` ndani ya suspend (kazi inayoitwa mashine inapokwenda kulala; mwenzake wa kuamka ni resume), au unamwachia kerneli kazi hiyo kwa `dev_pm_set_wake_irq()`. Wengi wetu hufungua miwili tukadhani tumemaliza, kwa sababu hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotoka.

Dalili: kimelala, na hakiamki hata boya likipanda

Usianze na draiva yako. Kwanza hakikisha mashine yenyewe inajua kuamka:

```
rtcwake -m mem -s 30
```

Amri hii inailaza na kuiamsha kwa saa ya ndani baada ya sekunde 30. Kama hairudi, tatizo liko kwenye bodi au kerneli, na draiva yako bado haijaingia kesini. Kama inarudi vizuri, endelea.

Sasa soma faili la `power/wakeup` la kifaa chako chini ya `/sys/devices`. Likisema `disabled`, mlango wa pili umefungwa. Andika `enabled` ujaribu tena. Likiwa halipo kabisa, mlango wa kwanza haujafunguliwa: draiva haikutangaza uwezo. Kwenye bodi zinazotumia faili la .dts (linaloieleza kerneli vifaa vilivyopo kwenye bodi), mara nyingi sababu ni kukosekana kwa mstari mmoja wa `wakeup-source`, kwa kuwa draiva nyingi huangalia mstari huo ndipo zitangaze.

Faili likisema `enabled` na bado kimya, angalia jibu la `enable_irq_wake()`. Nimesoma draiva nyingi, zangu za zamani zikiwemo, ambazo hupuuza jibu hilo. Chipu inayosimamia pini ikiwa haina njia ya kuamsha, kazi hiyo hurudisha kosa, na wewe unalala ukiamini mtego umetegwa. Mimi sasa naandika hivi:

```
static int boya_suspend(struct device *dev)
{
    struct boya *b = dev_get_drvdata(dev);
    int err;

    b->imetegwa = false;
    if (!device_may_wakeup(dev))
        return 0;

    err = enable_irq_wake(b->irq);
    if (err) {
        dev_err(dev, "mtego wa kuamsha umekataa: %d\n", err);
        return err;
    }
    b->imetegwa = true;
    return 0;
}

static int boya_resume(struct device *dev)
{
    struct boya *b = dev_get_drvdata(dev);

    if (b->imetegwa)
        disable_irq_wake(b->irq);
    return 0;
}
```

Kurudisha kosa hapo kunaizuia mashine nzima isilale, na wapo watakaosema ni ukali uliopitiliza. Kwa kipanya cha kompyuta, kweli ni ukali. Kwa kifaa ambacho kazi yake pekee ni kuamsha, bora kikatae kulala na betri ishuke huku kikipiga kelele kwenye logi, kuliko kilale moja kwa moja huku maji yakimwagika. Ile `imetegwa` nayo ina kazi: ukitegua mtego ambao haukutegwa, kerneli itakulalamikia kwa `Unbalanced IRQ ... wake disable`. Ukiuona mstari huo, jua enable na disable hazilingani mahali fulani.

Kama mtego umekubali na bado hakiamki, badili kina cha usingizi. Soma `/sys/power/mem_sleep`, utaona `s2idle` na mara nyingi `deep`. Ya kwanza ni usingizi wa mang'amung'amu: prosesa inapumzika lakini bodi bado ina umeme karibu kote. Ya pili ndiyo fofofo. Andika `s2idle` humo, kisha jaribu. Kikiamka kwenye `s2idle` na kufa kwenye `deep`, draiva yako haina hatia ya moja kwa moja. Pini uliyoichagua huenda iko sehemu ya chipu inayozimwa kwenye usingizi mzito. Soma karatasi ya chipu utafute pini ambazo hubaki na umeme muda wote, uhamishie waya huko.

Sababu nyingine niliyoikuta mara mbili: draiva inakata umeme wa kihisi ndani ya suspend ili kuokoa betri, halafu inategemea kihisi hicho hicho kibishe hodi. Kihisi kisicho na umeme hakina mkono wa kubisha.

Dalili: kinaamka, lakini kazi haifanyiki

Hapa ndipo pagumu, na ndipo vifaa vingi vinaharibikia mikononi mwa wateja bila mwenye kujua chanzo. Kosa linaonekana mara moja kwa siku nne, kwenye meza halitokei kabisa, na mteja anaanza kukuona tapeli.

Tazama kinachotokea. Programu yako imemaliza kazi, inaamua kulala. Inaandika `mem` kwenye `/sys/power/state`. Katikati ya hatua hiyo, kabla kerneli haijafika mwisho, boya linapanda. Intarapti inaingia, draiva inaipokea, inaandika kwenye kumbukumbu kwamba tangi limejaa. Kisha safari ya kulala inaendelea kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyeiambia isimame. Mashine inalala ikiwa na habari mfukoni. Boya limeshapanda na halitapanda tena, kwa hiyo hodi ya pili haipo.

Kwa prosesa, tukio lilipokelewa. Kwa mama wa Kigamboni, pampu haikuzimwa. Kati ya hao wawili kuna pengo, na mwenye wajibu wa kulishikilia ni draiva. Linux ilipata njia rasmi ya kuziba pengo hilo kwenye toleo la 2.6.36, mwaka 2010, na ina pande mbili zinazotegemeana.

Upande wa draiva, ndani ya kipokeaji cha intarapti, unaita:

```
pm_wakeup_event(b->dev, 2000);
```

Maana yake: kuna jambo limeingia, msilale kwa milisekunde 2000 mpaka wanaohusika walishughulikie. Ukiwa hujui kazi itachukua muda gani, tumia `pm_stay_awake()` unapopokea na `pm_relax()` unapokabidhi. Kazi hizi zinaweza kuitwa hata ndani ya kipokeaji cha intarapti bila wasiwasi.

Upande wa programu, usiandike `mem` kavu. Chukua hesabu kwanza:

```
h=$(cat /sys/power/wakeup_count)
# hapa kagua kama kuna kazi iliyobaki
echo $h > /sys/power/wakeup_count && echo mem > /sys/power/state
```

Faili la `wakeup_count` linahesabu matukio ya kuamsha. Ukilisoma wakati kuna tukio linaloshughulikiwa, linakusubirisha hadi liishe. Ukirudisha hesabu ileile na katikati limeingia tukio jipya, kuandika kunagoma, na huo ndio ujumbe wa kukuambia urudi ukaangalie. Kuandika kukikubali, kerneli inakuwa imeahidi kwamba tukio lolote litakaloingia kuanzia hapo litakatisha safari ya kulala. Kwenye logi utaona `Wakeup pending, aborting suspend`. Watu huusoma mstari huo kama kosa na kuanza kuutafutia dawa. Uache. Huo ni mfumo ukifanya kazi yake.

Upande mmoja peke yake hautoshi. Draiva nzuri yenye skripti inayoandika `mem` kavu bado inaacha upenyo kati ya programu kukagua kazi na kuanza kulala. Skripti nzuri yenye draiva isiyoita `pm_wakeup_event()` inahesabu vitu ambavyo havimo.

Kujaribu pengo hili mezani, usisubiri bahati. Nilifunga rilei kwenye nyaya za boya, nikaandika programu fupi kwenye bodi nyingine inayoichezesha kila baada ya muda usio na mpangilio, huku bodi yenyewe ikilala na kuamka mfululizo usiku kucha. Asubuhi nililinganisha mara rilei ilizocheza na SMS zilizotoka. Kabla ya kurekebisha, hesabu hizo hazikulingana. Baada ya kurekebisha pande zote mbili zililingana, na sijapeleka kifaa kwa mteja tena bila jaribio hilo.

Dalili: kinakataa kulala

Hii ni rahisi kuliko inavyotisha. Soma:

```
cat /sys/kernel/debug/wakeup_sources
```

Ni jedwali pana. Kwenye dirisha dogo linavurugika, kwa hiyo lipeleke kwenye faili ulisome taratibu. Tafuta safu ya `active_since`. Jina ambalo safu hiyo si sifuri ndilo linaloshikilia mlango sasa hivi. Logi nayo mara nyingi hulitaja kwa `active wakeup source`.

Jina likiwa la draiva yako, tafuta `pm_stay_awake()` isiyo na mwenzake. Karibu kila mara ipo kwenye njia ya kosa: kusoma kihisi kumeshindikana, kazi imetoka mapema kwa `return`, na `pm_relax()` imebaki chini bila kufikiwa. Ndiyo maana, pale ambapo muda wa kazi unajulikana hata kwa makadirio, napendelea `pm_wakeup_event()`. Inaisha yenyewe hata kama mwandishi amesahau.

Dalili: kinaamka hovyo

Hapa ndipo kilipokuwa kisanduku cha Kigamboni. Swali la kwanza ni nani aliyeamsha, na faili lake ni hili:

```
cat /sys/power/pm_wakeup_irq
```

Linatoa namba ya intarapti iliyoamsha mara ya mwisho. Peleka namba hiyo kwenye `/proc/interrupts` upate jina la mwenyewe. Faili lisipokuwepo, kerneli yako imejengwa bila `CONFIG_PM_SLEEP_DEBUG`. Ijenge upya nayo, haina gharama ya kukuogopesha.

Angalizo kuhusu saa, kwa kuwa lilinipoteza. Bodi nyingi huandika logi kwa saa ya UTC, na Dar es Salaam iko mbele kwa saa tatu. Logi ilionyesha vurugu zinaanza 21:00. Mimi nikasoma saa tatu usiku, nikaanza kufikiria majirani wanaowasha jenereta wakati huo. Kumbe ilikuwa saa sita usiku kamili, umande unaposhuka.

Namba ilikuwa ya boya letu wenyewe. Si modemu, si saa ya ndani. Nikaenda na mita. Bodi ikiwa macho na boya likiwa chini, waya ulisoma volti 3.3, imetulia tuli. Nikaamuru ilale, nikaacha ncha za mita palepale. Namba ikaporomoka hadi volti moja na kitu, ikawa inayumba. Nikasogeza kiganja karibu na waya bila kuugusa, namba ikacheza. Nikaondoa kiganja, ikatulia kidogo. Waya wa mita nne kutoka juu ya tangi ulikuwa umeachwa ukielea, unadaka kila kitu kilichoko hewani.

Sababu ilikuwa kwenye faili la .dts. Pini ilikuwa na hali mbili zilizoandikwa: ya kawaida, yenye `bias-pull-up`, yaani rezista ya ndani inayoushikilia waya juu, na ya usingizi, yenye `bias-disable`. Hiyo ya pili ilitoka kwenye mfano wa mtengenezaji wa bodi ili kuokoa chembe za umeme, nami niliinakili bila kuisoma kwa makini. Kifaa kikiwa macho kila kipimo kinatoka safi. Kikilala tu, rezista inaachia. Mezani waya ulikuwa wa sentimita 20, ndani ya nyumba kavu, haukudaka kitu. Kigamboni kuna upepo wa bahari, chumvi kwenye viungio na umande wa usiku.

Dawa ilikuwa mbili kwa pamoja: `bias-pull-up` kwenye hali ya usingizi pia, na rezista ya nje ya kiloomu 10 kutoka waya wa boya hadi volti 3.3. Rezista za ndani ya chipu kwa kawaida ni dhaifu kwa waya mrefu unaokaa nje. Hiyo ya nje unaipata Kariakoo kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo kanuni ya kupima: pima kifaa kikiwa kimelala. Kipimo cha kifaa kilicho macho hakisemi lolote kuhusu usingizi wake.

Kama waya wako umetulia na bado kinaamka, angalia mambo haya. Swichi za kugusana hutetemeka zinapofunga, na kichujio cha programu kama `debounce-interval` ya draiva ya gpio-keys (draiva ya swichi na vitufe iliyomo tayari ndani ya Linux) hakisaidii kwenye usingizi, kwa sababu mtetemo wa kwanza umeshaamsha kabla kichujio hakijaanza kazi. Hapo dawa ni kapasita. Pia kihisi chenye rejista ya hali (kijikumbukumbu kinachoonyesha kilichotokea) kinaweza kuwa na hodi ya zamani ambayo haijafutwa; ifute kabla ya kutega, la sivyo utalala na kuamka papo hapo. (Na kama kazi yako ni swichi tu, fikiria kuitumia hiyo gpio-keys badala ya kuandika draiva mpya. Inajua mambo haya ya kulala na kuamka kuliko draiva ya wiki mbili.)

Kwa wenye laptopu inayopata moto ndani ya begi kwenye daladala, sababu mara nyingi ni ya familia hii hii. Soma `/proc/acpi/wakeup`. Jina kama `XHC` ni la milango ya USB, na kipokezi kidogo cha kipanya kisichotumia waya kinatosha kuiamsha. Amri `echo XHC > /proc/acpi/wakeup`, ukiwa rooti, inageuza hali: ukiirudia mara mbili umerudi ulikotoka, na ukizima na kuwasha mashine inasahau. Kadi ya mtandao nayo iangalie kwa `ethtool`, kwenye mstari wa `Wake-on`. Kwenye Windows, `powercfg /lastwake` na `powercfg /devicequery wake_armed` zinajibu maswali yaleyale.

Dalili: kinaamka kisha kinaganda

Ukiona `Transfer while suspended` kwenye logi, kipokeaji chako cha intarapti kimekimbilia kuongea na kihisi kupitia I2C (njia ya mawasiliano kati ya chipu) wakati kidhibiti cha I2C chenyewe bado hakijaamka. Wakati wa kuamka, intarapti hurudishwa kabla ya vifaa vingi kurudi kazini, kwa hiyo kipokeaji kinaweza kuitwa mapema mno. Ikiwa intarapti ni ya kiwango, isiyonyamaza hadi rejista ifutwe, itaitwa tena na tena na mashine itakwama hapo.

Draiva nyingi hutatua hili kwa kuita `disable_irq()` ndani ya suspend pamoja na kutega mtego, na `enable_irq()` ndani ya resume: hodi inaamsha mashine, lakini kipokeaji kinasubiri hadi njia ya mawasiliano iwe tayari. Ili kujua draiva ipi inagandisha bila kulala kwa kweli, andika `devices` kwenye `/sys/power/pm_test`, kisha `mem` kwenye `state`. Kerneli italaza vifaa, itasubiri sekunde 5, itaviamsha. Weka `no_console_suspend` kwenye mstari wa kuwashia kerneli ili uone maneno ya mwisho kabla ya kuganda.

Nilimfungia mama kisanduku chenye rezista mpya saa kumi jioni, nikaacha jedwali la `wakeup_sources` likinakiliwa kila saa. Asubuhi safu ya `wakeup_count` ya boya ilisoma 1, na mama akathibitisha kwa simu kwamba tangi lilijaa mara moja tu, pampu ikazimika. Vimebaki visanduku vinne Mbagala vyenye faili la zamani la .dts, wiki hii navipelekea rezista kwanza, kisha programu mpya.